Bolti Nilizozikaza Gari Likiwa Hewani

Buyenzi, Bujumbura
Jumanne, saa sita mchana

Kwa mke wangu Tausi,

Nimeandika "mke wangu" nikasimama, nikayasoma maneno hayo mara tatu kabla ya kuendelea. Miezi minne na nusu imepita tangu shehe aniulize nami nikajibu kwamba nimekubali, na bado nikiyaona kwenye karatasi nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Basi pokea salamu, mke wangu, za leo na za siku zote zitakazofuata, maana sijui lini nitapata tena mtu wa kuzichukua. Mimi mwili ni mzima. Kucha ni nyeusi vilevile, zile ulizozisugua kwa ndimu siku ya tatu ya fungate ukasema labda nilizaliwa nazo. Wewe je? Lile jino limetulia? Kikohozi cha mama kimekwisha, au bado anakificha ili asinyweshwe dawa?

Tausi, usikae mlangoni. Niliandika katika barua iliyopita kwamba boti itakayofuata itanileta mimi mwenyewe, tuvunje jungu pamoja, na siku ya kwanza ya mfungo tufuturu sahani moja. Utasikia kwamba boti imefika Kigoma, utajifunga ile kanga ya njano, utasimama pale ukingoja. Mimi simo. Mahali nilipokuwa nimepangiwa kukaa, kati ya mabunda ya vitenge na maboksi ya sabuni, imekaa barua hii. Siumwi, wala sikukamatwa, wala hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nimekwisha kupanda. Nilishuka kwa miguu yangu mwenyewe, na wewe ndiwe unayestahili kujua sababu kuliko mtu yeyote.

Naandika nimekalia ringi kuukuu ya gurudumu kando ya mtaro wa barabara yetu, daftari gotini. Umeme umekatika tangu saa nne na sisi tunausubiri, nitakueleza kwa nini. Boti inaondoka saa nane. Bahati, yule mwenzangu wa Uvira ninayefanya naye kazi, ameegemeza baiskeli ukutani tayari kuikimbiza barua bandarini. Kila nikiinua kichwa ananiuliza kama naandika kitabu. Namwambia ana watoto wanne na mkewe anampikia kila siku, hawezi kujua mtu wa siku tisa ana maneno mangapi.

Siku tisa, Tausi. Saba za fungate na mbili tulizoziiba kwa sababu boti ilichelewa. Nazihesabu kama vile mtoto anavyohesabu shanga. Ya nne ndiyo niipendayo zaidi, mvua iliponyesha mchana kutwa na wewe ukanisomea daftari lako la mashairi la kidato cha pili, ukaficha uso kwa upande wa kanga ulipofika pale penye jina la mwalimu. (Sehemu hii usimsomee wifi yako Asha. Najua anasimama nyuma ya bega lako. Asha, ondoka hapo.)

Huku jioni ni fupi. Amri ya kutotoka ikianza, barabara inanyamaza kana kwamba mtu ameizima kwa mkono, kila mtu yuko ndani kwake na watu wake, nami niko ndani na jiko la mkaa na sufuria moja. Nasikia majirani wakicheka kupitia ukutani. Sijui wanacheka nini, lakini nami nacheka nyuma yao kidogo, ili nisisahau. Mto wangu nimeuvisha ile kanga uliyonipa. Harufu yako ilikaa wiki sita. Sasa ni kanga tu, imeanza kunuka oili, na sina moyo wa kuifua kwa sababu labda iko chini huko, nyuma ya oili.

Haya, sasa sikiliza habari ya gari.

Kuna kijana anaitwa Swedi, ana duka la vitambaa mtaa wa Asiatique. Ana Korola nyekundu. Kaka yake mkubwa, Bwana Saidi, ndiye mwenye boti hii iliyokuletea barua. Swedi alichukua springi za gari lake akampelekea mchomeleaji, wakazikata mizunguko miwili kila moja, gari likashuka hata huwezi kupitisha sanduku la viatu chini yake. Hiyo ndiyo fasheni ya vijana wa huku. Wanasema gari likikaa chini linaonekana lina adabu. Kwenye barabara zetu hizi, Tausi, zenye mashimo ambayo hakuna aliyeyaziba tangu vita vianze. Siku ya kwanza lilipoingia Buyenzi tulilisikia kabla ya kuliona, tumbo likikwaruza ardhi. Bahati akasimama na spana mkononi akasema, "Aa, leo tumeletewa nyoka."

Swedi akashuka amekasirika. Gari linavuta kushoto, usukani umepinda hata akienda moja kwa moja, tairi zinakwisha upande wa ndani kwa mwezi mmoja, na mbele kunagonga. Gereji tatu zilikuwa zimembadilishia tairi tu. Mzee Hamimu, mwenye gereji yetu, ambaye ni fundi tangu kabla hatujazaliwa, akanitazama akasema, "Yasini, wewe umesoma. Mutafutie ugonjwa wake."

Tausi, nilitamani uwepo unione. Sikugusa chombo. Nilipiga magoti mbele ya tairi nikapitisha kiganja juu yake, kutoka ndani kwenda nje: laini. Nikakirudisha, kutoka nje kuja ndani: kikashikwa, kama unavyompapasa samaki kutoka mkiani kwenda kichwani. Nikajua tairi haliviringiki tu, linaburutwa upande. Kisha nikamwambia Bahati akae ndani acheze usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia, nami nikapenyeza mkono hadi kwenye zile fimbo za usukani nikafumba macho, maana macho husumbua. Vidole vikasikia: usukani unasogea, fimbo inasogea, halafu kwenye kiungo cha mwisho pana kitambo, kama mtu unayemwita akawaza kwanza kabla ya kuitika. Kitambo hicho ndicho ugonjwa. Tukafunga kamba kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele, tukaona magurudumu ya mbele yamepeana mgongo.

Nikamweleza Swedi kwamba ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu iliumbwa ilale, kama mikono ya mtu anayepumzika. Yeye kwa kukata springi ameifanya ikae juu siku zote, kama ya mtu aliyeamriwa kunyoosha mikono. Kila kiungo kinafanya kazi mwisho wa uwezo wake. Mpira ulio kwenye mapingili ya mikono ile, ambao sisi tunauita bushi na wao huku wanauita silambloki, umechanika wote. Dawa ni kurudisha springi nzima. Swedi akakataa.

"Mi nataka ikae chini," akasema. "Nikienda Gitega kwa mchumba, dada zake wakiwa kwa mulango wajue ni mi nakuja."

Mzee Hamimu akamuuliza, "Unaenda kuoa ama kutambaa?"

Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu na mimi ni bwana arusi na nilijua vile anavyotaka kuonekana. Niliponunua ile kofia ya harusi, unakumbuka, ilinibana mpaka nikapata alama kwenye paji la uso, na sikuivua.

Spea mpya hakuna siku hizi. Kwa hiyo bushi tunazitengeneza wenyewe: tunakata mpira wa tairi la lori kwa kisu kilichopakwa sabuni, tunauzungusha kwenye bomba, tunaubana kwa jiliwa. Nilizikata mimi, nne, nzuri, hata Mzee Hamimu alizigeuza mkononi bila kusema neno, na kwake hiyo ndiyo sifa. Kazi ilikuwa Ijumaa, siku kumi na moja zilizopita. Na hapo, Tausi, ndipo nilipokosea, na si kwa kutojua.

Mzee Hamimu alinifundisha siku ya kwanza kabisa nilipofika: bolti za bushi hazikazwi mpaka gari liwe limesimama chini kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake, limekaa vile litakavyokaa siku zote. Mpira hushika chuma pale pale ulipoukazia. Ukikaza gari likiwa hewani, magurudumu yananing'inia, halafu ukalishusha, mpira umekwisha kujisokota. Hata gari likilala barazani mpira unaendelea kusokotwa, hata kama hakuna anayeendesha, mpaka siku utakapochanika. Kila fundi Buyenzi anajua.

Lakini gari la Swedi liko chini mno, jeki haliingii. Tulilinyanyua kwa mikono, wanaume wanane wa barabara yetu, tukaliweka juu ya ringi. Kulikaza ipasavyo ilibidi wale wanane warudi, tulishushe, tulisukume mpaka lipande mtaro, magurudumu huku na huku, mimi niingie mtaroni nikaze kutoka chini. Na adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Wanane wote wamekwenda msikitini, mimi peke yangu ndiye niliyebaki na mikono michafu. Swedi amesimama pale anazungusha ufunguo kidoleni. Akaniambia, gari likikaa sawa, atanipa nafasi kwenye boti ya kaka yake, na watu wanaoomba nafasi hiyo ni wengi kuliko magunia. Aliposema Kigoma mimi nilikuona wewe. Sikuona bolti tena. Nilizikaza zote gari likiwa hewani, nikanawa, nikakimbilia swala.

Watu waliporudi walilishusha. Mzee Hamimu akaniuliza kama nimekaza chini. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Gari lilikwenda kama limechorwa kwa rula. Swedi alizunguka Buyenzi yote akipiga honi. Nami nikaanza kufunga mzigo siku kumi na moja kabla.

Leo asubuhi saa tatu alikuja kunichukua. Mkoba wangu, vitenge viwili vyako (kimoja cha bluu, kimoja chenye ndege, hicho cha ndege nilikichagua kwa kuufikiria uso wako), na birika la mama. Bahati alinibusu mashavu yote mawili kwa dhihaka akasema hiyo nimpelekee bibi arusi. Tukaondoka. Kwenye kona ya kutokea Buyenzi, gurudumu la kushoto likashuka shimoni, nikasikia chini ya miguu yangu: tok. Mara moja. Redio ilikuwa juu, Swedi hakusikia. Nilinyamaza. Kwenye kona ya pili: tok. Nilinyamaza tena. Nakwambia hili ingawa ningeweza kuliacha, kwa sababu sitaki tuanze na kitu ninachojua peke yangu.

Swedi alikuwa anaongea tu. Kesho asubuhi anapanda na msafara kwenda Gitega. Unajua barabara ile ya mlimani siku hizi haipandwi ovyo. Magari yanakusanyika, askari mbele na askari nyuma, yanakwenda kasi, na gari likiharibika njiani hakuna anayesimama. Linaachwa na waliomo. Swedi aliniambia amemnunulia mchumba wake saa ya mkono, na kwamba anaogopa haitamtosha maana hajui mkono wake una unene gani. Akatengeneza duara kwa vidole vyake na kunionyesha, hivi, ama hivi? Tausi, mimi nilipima pete yako kwa uzi wa nailoni nikiwa na wasiwasi uleule. Nilimwambia, hivi.

Tukafika. Bwana Saidi akanionyesha mahali pangu, akaniambia nisiguse sabuni. Nikapanda, nikakaa, nikaweka mkoba chini ya magoti. Maji yalikuwa yametulia. Niliitazama milima ya upande wa pili nikajiambia kesho wakati kama huu nitakuwa nakuona. Nilifurahi, sitakudanganya. Nilifurahi huku najua.

Swedi akaanza kugeuza gari. Alirudi nyuma, akakanyaga breki, na kutoka pale juu nilipokuwa nimekaa nikaliona gurudumu la kushoto likiruka ndani ya uvungu wake, likatulia mahali pengine kabisa, kama mtu aliyesukumwa kifuani. Akaenda mbele, likarudi. Mpira umekwisha. Gurudumu limeshikwa na fimbo ya usukani peke yake.

Nilichukua mkoba nikashuka. Bwana Saidi akaniita, nikasikia, sikugeuka. Nilisimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti.

"Swedi, zima."

"Umesahau nini?"

"Bolti nilizikaza gari likiwa juu. Usiende nalo Gitega. Kosa ni langu."

Alicheka kwanza. Kisha akaniangalia, akaiangalia boti. "We umekaa mu boti tayari," akasema polepole. "Umeshuka juu ya bolti?"

"Nimeshuka."

Alizima redio. Tulirudi Buyenzi kwa mwendo wa mtu anayetembea, mimi nikiwa nje mbele ya gari nikimwonyesha mashimo kwa mkono, mkoba begani, birika la mama likigonga mgongoni. Watu wa sokoni walidhani ni harusi.

Sikuwa na njia nyingine ila kwenda moja kwa moja kwa Mzee Hamimu. Alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa chai. Nikamwambia Ijumaa ile alipouliza, nilimdanganya. Alimaliza chai yake yote, Tausi. Yote, polepole, na mimi nimesimama. Kisha akaelekeza kidole.

"Mutaro ule pale," akasema.

Tuliweka mbao, tukalisukuma gari, magurudumu huku na huku. Nikashuka mtaroni. Wanawake wa nyumba ya jirani walikuwa wamemwaga maji ya kufulia, nikalala ndani ya povu. Bahati akainama akaniuliza kama hivyo ndivyo kwetu Ujiji wanavyooga kabla ya safari. Nilizifungua zile bushi nilizozikata vizuri vile. Zimekuwa unga. Nikapanda hadi kwenye kiungo cha usukani, kile cha kushoto. Kwa kuwa gurudumu limekuwa likirukaruka, kikombe cha nailoni ambamo kichwa cha fimbo huzunguka kimeliwa chote. Nilivuta kwa vidole viwili, fimbo ikachomoka, ikabaki mkononi mwangu. Haikuhitaji nguvu. Nililala pale kwenye maji ya sabuni nimeshika chuma kile, na sikuweza kutoka kwa muda. Nilimpa Swedi akiwa juu. Alikigeuza geuza, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha gereji.

Kikombe kipya lazima kikerezwe kwa mashine, na mashine inataka umeme. Ndiyo maana tunasubiri. Bahati amekwisha kukata mpira mwingine. Na Mzee Hamimu ameleta springi nzima za Korola iliyokufa nyuma ya gereji, akaziweka miguuni pa Swedi bila kumuuliza. Swedi aliziangalia, akasema, "Nitaenda kama taksi." Mzee akamjibu, "Taksi inafika."

Hata umeme ukija sasa hivi, kazi ni ya saa tatu, na nitaimaliza mimi, hakuna mwingine atakayezikaza bolti hizo. Boti haiwezi kungoja. Bwana Saidi ametuma mtu kusema nafasi yangu amempa mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa anayekwenda kwa ndugu zake Kigoma. Nilipolisikia hilo moyo ulipoa kidogo. Kidogo tu. Boti nyingine huenda ikawa baada ya wiki tatu, huenda ikawa mfungo umefika nusu. Sijui. Barabara ya kusini usiitaje hata kwa mzaha, na mwambie mama nimesema sitapita huko.

Sasa ninakaa na jambo hili: usiku ule wa kwanza wa mwezi nitafuturu na Bahati, ambaye si Mwislamu lakini huja kula, nawe utafuturu na mama na Asha, na kutakuwa na nafasi kwenye mkeka. Niliahidi. Wewe hukunilazimisha, mimi ndiye niliyeahidi, na ahadi yangu ya kwanza kwako kama mume nimeivunja. Nisamehe. Ukikasirika, kasirika, lakini uniandikie hasira yenyewe, ukurasa mzima, nitaisoma kwa furaha kwa sababu imeandikwa na mkono wako.

Swedi amekuja sasa hivi. Ameniletea chai na maandazi mawili, ameyaweka juu ya boneti. Ameuliza naandika nini. Nikamwambia namwandikia mke wangu kwa nini siji. Akasema, "Muandikie kama springi ni mi nilikata." Basi nimekuandikia. Usimlaani. Amekubali kungoja msafara wa keshokutwa, na ile saa ameiacha kwa Mzee Hamimu, isije ikaibiwa gari likiwa wazi. Nimeipima kwenye mkono wangu kwa kukumbuka wa kwako. Nadhani itamtosha.

Umeme umerudi. Mashine inanguruma na Mzee ananiita. Bahati amepanda baiskeli, mguu mmoja chini, ananitolea macho.

Haraka basi. Wape salamu: mama, mwambie birika lake liko salama, lina kibonyeo kimoja cha safari. Asha wifi yako, mwambie aache kusoma barua za watu. Baba yako, baba mkwe wangu, mshike mkono wa kulia kwa niaba yangu na umwambie binti yake simwachi, nimechelewa tu. Shangazi yako aliyetupa kile kioo. Na jirani yetu mshona viatu, anayekutazamia nyumba.

Vitenge nimempa Bahati avipeleke pamoja na barua. Ukivishona, shona kile chenye ndege kwanza.

Na swali lako. Umeniandikia kwamba kioo cha shangazi bado kimeegemezwa ukutani, na seremala amesema atakuja kukitundika wakati wowote, je, msumari uwe wapi? Nimelifikiria tangu Jumapili. Mwambie seremala asije. Kiache hapo hapo chini. Nikifika nitasimama, na wewe utasimama kando yangu, miguu yetu yote minne sakafuni, hapo ndipo tutapiga msumari.

Mimi wako, mwenye mikono michafu na moyo uliokaa Ujiji,

Yasini, mume wa Tausi